Gunia la mchele wa sindano, kilo 25: maoni ya mpishi wa pilau

Mimi hupika pilau za oda hapa Mombasa. Mwezi uliopita nilikuwa na khitma ya watu mia, nikachukua gunia la sindano ya Pakistani kwa shilingi 3,300, duka lile lile la jumla ninaloendea siku zote.

Jikoni mchele huu haujaniaibisha. Chenga ni chache, mawe sikuona hata moja, na ungo niliutoa kwa mazoea tu. Niliuloweka nusu saa, nikautia kwenye supu ya nyama, nikapalia makaa juu ya mfuniko. Punje zilisimama mojamoja, na sufuria la mwisho lilikaa hadi laasiri bila kugeuka mashendea. Harufu lakini hauna. Ukiupikia wali wa nazi, tui linakaa kando kama mgeni asiyekaribishwa. Kwa nazi mimi natafuta wa Mbeya, Tanzania, au pishori, mchele wetu wa kunukia kutoka Mwea, mfuko ukiruhusu, japo safari iliyopita nilinunua pakiti iliyoandikwa pishori, nikaifungua, nikanusa karatasi.

Sasa bei. Nilimuuliza muuzaji, "Ami, mbona mzigo wa meli ni rahisi kuliko wa Mwea?" Akacheka: "Mama, hapo unakunywa chai yako." Alikuwa na maana. Ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki kwa mchele wa nje ni asilimia 75 au dola 345 kwa tani, ule unaozidi. Kenya imekuwa ikiomba ruhusa ya kutoza asilimia 35 au dola 200, kwa sababu Pakistani ndiye mnunuzi wetu mkubwa wa chai kwenye mnada wa hapa hapa Mombasa. Tukiubana mchele wao, chai yetu itanunuliwa na nani?

Nikapiga hesabu nyuma ya risiti. Dola 200 kwa tani, dola ikiwa shilingi 129, ni kama shilingi 26 kwa kilo, yaani 645 katika gunia langu. Kwa ushuru kamili ningeongeza 460 au zaidi. Na kwa kuwa ushuru wenyewe unahesabiwa kwa dola, mwanzoni mwa 2024 dola ilipofika 160 kilo hiyo hiyo ilibeba shilingi 32, na hakuna sheria iliyobadilishwa. Wateja wangu walidhani nimekuwa na tamaa.

Mkulima wa Mwea ana haki ya kununa, mashindano haya si yake. Wa Mbeya, ukiwa na cheti cha asili kinachoonyesha ulikotoka, huvuka mpaka bila ushuru huo, ila bei yake hufuata mavuno.

Duka nalipa nyota nne kwa tano. Mizani yao ni ya haki na kijana wao hukupakilia gunia kwenye tuktuk. Risiti tu ndiyo mpaka uidai mara mbili.