Miezi minane na sanduku la sampuli za madini: uzoefu wangu hapa Mtwara

Ninafundisha Jiografia katika shule ya sekondari hapa Mtwara, na kwa miaka mingi somo la miamba na madini nililifundisha kwa michoro ya ubaoni na mawe machache niliyookota mwenyewe. Mwezi Februari niliagiza mtandaoni sanduku la sampuli 24 za madini, likanigharimu shilingi 140,000 pamoja na kusafirishwa kwa basi kutoka Dar es Salaam. Nimelitumia kwa miezi minane katika madarasa manne, na ninadhani sasa ninaweza kulisemea kwa haki.

Sampuli zenyewe ni nzuri. Kila kipande kina ukubwa wa kidole gumba, kimelazwa katika chumba chake chenye sponji, na pamoja navyo kuna kioo kinachokuza mara 10, msumari wa chuma, na kigae cheupe chenye uso usio na mng'ao, wa kuchorea mstari. Ukiburuza hematiti, madini ya chuma, juu ya kigae hicho, jiwe linaloonekana jeusi linaacha mstari wa rangi ya damu iliyokauka, sawa na udongo mwekundu unaopaka miguu ya watu wa Newala. Na hakuna mchoro wa ubaoni unaoweza kufanya hivyo. Lebo mbili zilikuwa zimebadilishana. Aliyegundua ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, aliyeniuliza, "Mwalimu, kwatzi hii mbona inachubuka kwa msumari?" Tulikwangua unga kidogo, tukaudondoshea maji ya ndimu, ukatoa povu: ilikuwa kalisaiti, madini ya chokaa yaliyo laini kuliko kwatzi. Muuzaji alijibu ujumbe wangu baada ya wiki tatu, akakiri kosa.

Lawama yangu kubwa iko kwenye mpangilio. Sanduku linapanga madini kuanzia laini hadi gumu, talki mwanzoni na korandamu mwishoni, na kijitabu chake kinayaeleza kana kwamba yote yamekuwapo tangu dunia ilipoumbwa. Kwa kutambua jiwe hilo linatosha, lakini kwa kuielewa dunia linapotosha. Mwaka 2008 Robert Hazen, mwanasayansi wa madini wa Marekani, na wenzake walitoa hoja kwamba madini nayo yana historia: katika vumbi lililolitangulia Jua kulikuwa na aina zipatazo 12 tu, joto, maji na volkano za dunia changa zikaongeza idadi mpaka kufikia kama 1,500, leo zinajulikana aina zaidi ya 5,000, na kwa makadirio yao takribani theluthi mbili ya aina zote zisingekuwapo bila ya uhai. Niliposhika hoja hiyo nilitoa vipande vyote 24, nikavipanga upya kwa kufuata wakati ambao kila aina iliweza kutokea duniani kwa mara ya kwanza. Olivini na felspa zikatangulia, kwa kuwa hazihitaji kiumbe chochote. Hematiti nikaiweka baada yake, kwa sababu akiba kubwa za chuma chekundu duniani zilitua chini ya bahari wakati vijidudu vilivyojifunza kutumia mwanga wa jua vilipoanza kutoa oksijeni, na chuma kilichokuwa kimeyeyuka majini kikashikana nayo. Malakaiti, ile ya kijani inayopendwa na kila mwanafunzi, ikaja baadaye zaidi, maana inatokea pale mawe ya shaba yanapoliwa na maji yenye oksijeni na hewa ya ukaa.

Kilichonifundisha kuliko vyote ni kipande kilichoharibika. Pairaiti, mchanganyiko wa chuma na salfa unaong'aa kama shaba iliyosuguliwa, ilifika ikiwa safi kabisa. Mwezi wa nne nilifungua sanduku nikakuta pembeni mwake unga mweupe wenye umanjano, harufu ya kiberiti, na lebo ya karatasi iliyokuwa chini yake imetoboka. Unyevu wa pwani yetu umeingia kwenye sponji, na oksijeni imeanza kuila: salfa inageuka kuwa tindikali, na tindikali hiyo ndiyo iliyochoma karatasi. Nilikasirika kwanza, kwa sababu muuzaji anayetuma bidhaa pwani angeweka hata kifuko cha kukausha unyevu. Kisha nikakumbuka kwamba katika miamba ya kale ya Witwatersrand, Afrika Kusini, zimo punje za pairaiti zilizosukumwa na mito mpaka zikawa mviringo kama kokoto, wala hazikuoza. Ziliviringika hivyo kabla ya oksijeni kuanza kukusanyika hewani, jambo lililotokea takribani miaka bilioni 2.4 iliyopita. Mto wa leo, wenye oksijeni, usingeziacha nzima. Nilikipitisha kile kipande kilichooza dawati kwa dawati, na darasa ambalo kwa kawaida hunyamaza likauliza maswali mpaka kengele ikalia.

Upungufu mwingine ni kwamba hakuna hata kipande kimoja kilichojengwa na mwili wa kiumbe, kwa hiyo nimeongeza vyangu. Mikindani nilimwomba mzee mmoja kipande cha tumbawe kutoka ukuta wake ulioanguka (tumbawe lililo hai halichukuliwi, na ninawasisitizia wanafunzi jambo hilo). Alinipa akasema, "Chukua mwanangu, nyumba yote hii ni bahari." Alisema kweli hata kikemia: tumbawe hujenga kwa aragonaiti, ambayo ni ileile kalsiamu kaboneti ya kalisaiti iliyopangwa kwa namna nyingine, na chokaa iliyoshikanisha mawe ya ukuta huo nayo ilipatikana kwa kuchoma matumbawe. Kutoka Ruangwa nimepata kinywe (grafaiti), madini meusi ya kaboni. Kile cha magamba mara nyingi hutokana na mabaki ya viumbe yaliyozikwa pamoja na matope, yakakandamizwa na kupashwa joto ardhini mpaka ikabaki kaboni peke yake. Apataiti ya sandukuni nayo nimeiunganisha na mifupa ya Tendaguru, kilima cha Lindi chenye mabaki ya dinosaria, kwa kuwa mifupa na meno yetu hujengwa na madini ya jamii hiyo. Kati ya 1909 na 1913 wenyeji wa Lindi, wakiwamo wachimbaji walioongozwa na Boheti bin Amrani, walichimba na kubeba zaidi ya tani 200 za mifupa ya dinosaria na mawe yaliyoishika hadi bandarini Lindi, na kiunzi cha dinosaria mmoja kinasimama Berlin kikiwa na kimo cha mita 13. Kijitabu cha sanduku kinaitaja apataiti kwa mstari mmoja, kwamba ugumu wake ni 5 katika kipimo cha 1 hadi 10.

Ninalipatia sanduku hili nyota nne kati ya tano kwa sampuli na nyota mbili kwa kijitabu. Mwalimu mwenzangu wa Lindi au Mtwara, linunue, lakini kabla ya kulipa umwombe muuzaji akupigie picha ya kila kipande pamoja na lebo yake. Likifika, toa pairaiti siku hiyohiyo, uiweke katika chupa kavu yenye kifuniko kinachobana, na usiirudishe kwenye sponji.