Maiki haikufa: uzoefu wangu na duka lililoniwekea Debian

Nyota moja, na hiyo ni kwa sababu spika zinalia. Laptopu yenyewe sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na duka moja la katikati ya Kampala lililoniwekea Debian (aina ya mfumo wa Linux), likanirudishia mashine kiziwi, maiki yake haisikii, kisha likataka nilipie mazabodi (bodi kuu) mpya.

Nilipoirudisha, fundi hakuigusa hata kibodi. Alinijibu mbele ya wateja wengine, macho yakiwa kwenye simu yake: "Mzee, maiki imekufa. Linux yako ndiyo imeiua, rudi Windows." Maneno hayo bado yananichoma, kwa sababu aliyeiziba maiki ni yeye mwenyewe.

Ndani ya /etc/modprobe.d, folda ya mipangilio ya draiva, aliacha faili lenye mstari huu: options snd_intel_dspcfg dsp_driver=1. Kwenye laptopu nyingi za Intel za miaka ya karibuni, maiki ya ndani ni ya dijitali na imeungwa moja kwa moja na DSP ya chipu (kichakataji kidogo cha sauti), haipiti kwenye kodeki, chipu ya sauti inayolisha spika. DSP hiyo haiamki bila famwea ya SOF, yaani programu ndogo inayopakiwa ndani yake. Flashi yao ilikuwa ya Debian 11, ambayo kisakinishi chake cha kawaida hakibebi famwea zisizo huru (zisizo na msimbo wazi), kwa hiyo mwanzoni hapakuwa na sauti kabisa. Ule mstari hulazimisha draiva ya zamani ya sauti, HDA, isiyotumia DSP: spika zikarudi, akafunga kazi. Lakini draiva hiyo haiioni maiki ya dijitali. Amri ya arecord -l, inayoorodhesha vifaa vya kurekodi, ingemwonyesha hilo kwa sekunde mbili: kifaa cha analogi kipo, DMIC (maiki ya dijitali) haipo.

Dawa yake: futa faili hilo, ongeza non-free kwenye /etc/apt/sources.list, orodha ya vyanzo vya programu (kwa Debian 12 ni non-free-firmware), kisha sudo apt update na sudo apt install firmware-sof-signed alsa-ucm-conf. Zima kabisa, washa. DMIC ikishatokea, fungua alsamixer (kirekebisha sauti cha kwenye terminali), F6 uchague kadi, F4 uone vya kurekodi, upandishe Dmic0. Usiijaze hadi juu, utarekodi feni. Jaribu kwa arecord -f cd -d 5 jaribu.wav, halafu aplay jaribu.wav. Kama programu ya mikutano bado haisikii, tazama pavucontrol (programu ya kudhibiti sauti), sehemu ya vifaa vya kuingiza sauti, pengine imechagua tundu la hedifoni.

Haki yao niwape: SSD (diski ya kasi) waliifunga vizuri na bei ilikuwa ya kuridhisha. Kwa hilo nilikuwa naelekea nyota mbili. Lakini kumwambia mteja anunue mazabodi kwa kosa la mstari mmoja ulioandika wewe, tena kwa dharau ile! Hata ile nyota ya spika naifuta, maana zilipona kwa njia iliyoiua maiki. Na Sh 30,000 za "uchunguzi" hawajanirudishia hadi leo.