Kliniki ya homoni za wanawake Kariakoo, daktari anasikiliza kweli
Wadada wenye hedhi za kurukaruka na ndevu kidevuni, hapa nendeni. Daktari hakukimbilia kusema ni PCOS, ule mvurugiko wa homoni unaogusa ovari, kisa tu utrasaundi imeonesha vifuko kwenye ovari, kanielewesha kwamba lazima mambo mawili kati ya matatu yawepo, hedhi kuvurugika, homoni za kiume kuzidi au ovari kuwa na vifuko vingi, na kabla ya hapo kanipima tezi ya shingo na prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa, maana nazo zinavuruga hedhi vilevile. Akapima na sukari, kaniandikia metformin, dawa ya kushusha sukari, kasisitiza nimeze na chakula isinichafue tumbo. Foleni ndo ndefu jamani na mapokezi wanajibu kwa mkato. Ila kwingine nilipewa vidonge vya majira bila kipimo hata kimoja!