Kununua Chakula cha Kambare Dume Anayetolewa Manii ya Kugandishwa

Kambare dume hakamuliki manii kwa urahisi, na katika vituo vingi vya kuzalisha vifaranga huchinjwa ili korodani zake zitolewe. Kwa sababu hiyo, kuyagandisha manii katika nitrojeni ya kimiminika, kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, kuna faida kubwa, kwani dume mmoja bora huweza kuhudumia majike wengi hata baada ya yeye mwenyewe kutoweka. Lakini mtungi wa nitrojeni hauyaponyi manii yaliyoingia yakiwa dhaifu, na udhaifu huo huweza kuanzia kwenye mfuko wa chakula.

Utando wa kila mbegu ya kiume una mafuta, na mafuta hayo hufuata kwa kiasi fulani yale aliyokula samaki. Asidi za mafuta za omega-3, hasa DHA na EPA, huufanya utando uwe mnyumbufu, na hivyo kuusaidia kustahimili kugandishwa. Hata hivyo, mafuta hayohayo huharibiwa upesi na oksijeni, hivyo kuyaongeza bila vitamini E na C za kuyalinda kwaweza kuleta hasara.

Nafasi ya kwanza naipa chakula maalumu cha samaki wazazi, chenye mafuta ya samaki na vitamini hizo mbili kwenye lebo. Ni ghali, lakini madume wa kazi hii ni wachache, na mfuko mmoja huwafaa kwa muda mrefu. Hapo ndipo penye hatari, kwa kuwa mfuko uliokaa wazi kwenye joto huchacha. Soma tarehe ya kutengenezwa, kisha vunja kidonge kimoja kwa vidole ukinuse. Kikitoa harufu kali ya mafuta yaliyochacha, usikinunue hata kwa bei ya punguzo. Chakula cha daraja la pili kilicho kipya ni bora kuliko hiki kikiwa kimezeeka.

Daraja hilo la pili ni chakula cha kuelea cha kukuzia kambare. Protini yake hutosha, ila mafuta yake mara nyingi ni ya mimea, hivyo kiongezewe mafuta kidogo ya samaki yenye vitamini E siku ileile ya kulisha.

Chakula cha kuchanganya nyumbani ni cha tatu, na thamani yake hutegemea dagaa. Nunua walioanikwa juu ya chanja na wanaong'aa kama fedha. Waliogeuka manjano mafuta yao yamekwisha kuharibika. Pumba na mashudu peke yake havifai kwa kazi hii.

Chakula kilichochaguliwa kianze kutolewa walau miezi 2 kabla ya kuvuna manii, kwa sababu mbegu huchukua wiki kadhaa kuundwa. Siku ya kugandisha, weka tone la manii chini ya hadubini, uongeze maji kidogo na kutazama mwendo wake. Yasiyochangamka yakiwa mabichi yasiingizwe kwenye mtungi.