Kipimo cha presha ya esansi kwa magari ya zamani: kina faida gani hapa Bukavu?

Gari la zamani likikataa kuwaka asubuhi hapa Bukavu, jambo la kwanza utakaloambiwa ni kwamba pampu ya esansi (petroli) imekufa, na la pili ni bei ya pampu nyingine. Kipimo ninachokieleza hapa, nilichokinunua kwa dola 20 kwa muuza vipuri mmoja wa Kadutu, kinaweza kuthibitisha au kukanusha maneno hayo kabla hujatoa pesa. Kisanduku chake cha plastiki kina saa ya mshale inayosoma presha kutoka bar 0 hadi 10, mpira mrefu, kipande cha T cha shaba, viungo kadhaa na vibano. Nimekitumia kwenye Toyota Corolla ya miaka ya 1990 yenye injini ya 5A-FE, na maelezo yangu yote yanahusu gari la aina hiyo.

Kasoro kubwa ya kisanduku hiki iko kwenye kufunga. Katika Corolla hiyo, filta ya esansi iko ndani ya boneti, na mpira unaotoka kwenye filta kwenda kwenye nozeli (zinazopulizia esansi ndani ya injini) umeshikwa kwa boliti yenye tundu katikati. Boliti ya namna hiyo haimo ndani ya kisanduku, na anayetaka kutumia kile kipande cha T hulazimika kukata mpira wa kiwandani, jambo ambalo silishauri hata kidogo, kwa sababu mpira huo hubeba presha kila siku na kibano cha bei rahisi kikilegea, esansi itamwagikia injini yenye moto. Mimi nilimpa fundi wa kuchonga vyuma boliti ya zamani, akanitengenezea nyingine ndefu yenye nafasi ya kupokea kipimo. Gharama hiyo haikuwa kubwa, lakini muuzaji hakunitajia kwamba ingehitajika. Washa za shaba zinazokaa pande mbili za boliti zibadilishwe kila inapofunguliwa. Kabla ya kulegeza chochote, chomoa waya hasi wa betri, zungushia boliti kitambaa, fungua polepole, na hakikisha hakuna jiko la makaa jirani.

Boliti hiyo ikishafungwa, kifaa kinaanza kulipa gharama yake. Watu wengi hufungua swichi, hutega sikio kwenye tangi, na wakikosa mlio huamua kwamba pampu imekufa. Kumbe katika Corolla hizi pampu haifanyi kazi swichi inapofunguliwa tu, bali inangoja stata izungushe injini. Ili kuiamsha bila stata, rudisha waya wa betri, fungua kile kisanduku kidogo chenye maandishi DIAGNOSIS ndani ya boneti, unganisha kwa kipande cha waya matundu ya FP na +B, kisha fungua swichi. Mshale unapaswa kupanda hadi kati ya takriban bar 2.7 na 3. Usipopanda kabisa, anza na fyuzi yenye maandishi EFI, rilei (swichi inayopitisha umeme wa pampu), na umeme unaofika kwenye pampu yenyewe, kwa sababu waya wa ardhi ulioshika kutu humfanya fundi mwenye haraka aone pampu isiyo na kasoro kuwa imekufa. Ukipanda lakini ukaishia njiani, filta iliyoziba inakuwa mshukiwa wa kwanza, hasa kwa sisi tunaojaziwa esansi ya bidoni kando ya barabara.

Kilichonifurahisha zaidi ni jinsi kipimo kinavyoshughulikia ugonjwa ule wa gari linalowaka vizuri mchana lakini likilala usiku mmoja huhitaji kuzungushwa stata kwa muda mrefu. Ukizima pampu, mshale unapaswa kubaki juu ya bar 1.5 kwa dakika 5. Ukishuka upesi, amsha pampu tena, izime, na papo hapo ubane mpira unaorudisha esansi kwenye tangi: ikiwa sasa presha inabaki, regyuleta, yaani kifaa kinachodhibiti presha ya esansi, ndiyo inayovuja. Ikiwa inaendelea kushuka, rudia kwa kubana mpira wa kutoka kwenye tangi. Presha ikishikilia, valvu ndogo ndani ya pampu haizuii tena esansi kurudi nyuma. Isiposhikilia hata hapo, nozeli zinadondosha, na mara nyingi buji moja itatoka ikiwa imelowa na kunuka. Bila saa hii, sehemu hizo tatu hubadilishwa moja baada ya nyingine kwa kubahatisha, kwa gharama ya mwenye gari.

Mshale unaochezacheza bila kutulia huonyesha hewa. Kwa mji uliojengwa juu ya vilima, hilo halishangazi: gari lenye esansi kidogo likiegeshwa kwenye mteremko, esansi hukimbilia upande mmoja wa tangi na pampu hunyonya hewa. Ongeza lita kadhaa au lisukume hadi mahali pa tambarare kabla ya kumwita mtu.

Hata hivyo, kipimo hakioni maji. Esansi iliyochanganyika na maji itasoma presha nzuri kabisa huku injini ikikataa kuwaka, kwa hiyo chukua kiasi kwenye chupa inayoonyesha ndani, uiache itulie, na utazame kama maji yamekaa chini. Hakipimi cheche pia. Cheche zikaguliwe kwanza, kwa kuwa kuzikagua hakugharimu kitu.

Kwa ubora, saa yenyewe ni imara na inasomeka vizuri, ila vibano ni vyepesi mno na nilivitupa. Mwenye gari la kabureta asinunue, kwani pampu yake hutoa takriban bar 0.2 hadi 0.3 tu, na kwenye saa ya bar 10 mshale utasogea kiasi kisichosomeka. Mwenye gari la mazutu (dizeli) naye asihangaike, maana presha ya nozeli zake huzidi bar 100 na saa hii itapasuka.