TAHADHARI: Maboksi ya helikopta za modeli yanayouzwa Unguja, ndani pungufu

Assalaam alaykum wapenzi wa modeli, Unguja na Pemba. Kuna muuzaji anazunguka kwenye makundi ya WhatsApp akiweka picha za seti za plastiki za kuunga mwenyewe, za helikopta za kijeshi, Mi-24, Huey na Apache, kwa nusu ya bei tuliyoizoea. Jina lake hatulitaji hapa, na hata tungelitaja lisingewafaa kitu kwa sababu namba na picha yake hazikai. Mjueni kwa anavyofanya kazi.

Huyu anauza boksi. Picha anayotuma ni ya mfuniko, na ukimwomba ya ndani jibu lake ni kwamba nailoni haijafunguliwa, akiifungua seti inashuka thamani. Neno hilo lina ukweli ndani yake, ndiyo maana linawanasa hata wazoefu. Lakini nailoni ya kufungia hainywei kiwandani tu. Mashine ya kukaushia nywele inaibana vizuri sana. Tazameni pembe za boksi. Pembe zimechubuka, rangi imefifia kwa jua, halafu nailoni juu yake inang'aa haina hata mkwaruzo? Basi imefungwa juzi.

Yaliyokutwa ndani ya maboksi hayo ni ya aina tatu. La kwanza ni fremu kupungua. Vipande vya seti huja vimeshikana na fremu za plastiki, kila fremu ina herufi yake na kila kipande namba yake, na ukurasa wa mwanzo wa maelekezo huchora fremu zote. Vipande visivyotumika kwenye toleo hilo hutiwa kivuli au msalaba, na hapo ndipo anapojificha: ukimwambia fremu B haimo, anajibu "hiyo haitumiki, kaka." Msibishane naye. Fungueni hatua za ujenzi mtafute herufi hiyo. Ikiwa hatua ya tatu inasema bandika B14, fremu B inatumika, mazungumzo yamekwisha.

La pili ni skeli, yaani modeli ni ndogo mara ngapi kuliko helikopta ya kweli: 1/48 ni ndogo mara 48. Boksi la 1/48 linatiwa seti ya 1/72, na kwa kuwa fremu zimelala ovyo ndani ya boksi kubwa, mtu hagundui mpaka aanze kukata. Dawa ni rula. Mi-24 halisi mapanga yake makuu yana kipenyo cha mita 17.3. Gawa kwa 48, unapata sentimita 36; gawa kwa 72, unapata 24. Kwa hiyo kutoka katikati ya kitovu hadi ncha ya panga moja iwe sentimita 18 kwa skeli ya 1/48. Ukipata 12, umeuziwa ndogo. Huey aina ya UH-1H ni mita 14.63: sentimita 30 na nusu kwa 1/48, na 20 na kidogo kwa 1/72. Mwambieni aweke rula kando ya panga apige picha. Anayeuza kitu halali hilo ni kazi ya dakika moja.

La tatu linahitaji jicho, nalo ni toleo kubadilishwa. Mfuniko umeandikwa UH-1H, ndani mna bodi fupi ya UH-1B au C, ambazo ni Huey za matoleo mengine. Angalieni mlango mkubwa wa kuteleza: wa UH-1H una madirisha mawili, wa zile fupi una moja. Kwa Mi-24 angalieni silaha ya mbele. Mi-24P ina mzinga wa mitutu miwili ya milimita 30 uliokazwa ubavuni kulia, haugeuki. Mi-24D na V nyingi zina bunduki ya mitutu minne ya milimita 12.7 kwenye kibanda kinachozunguka chini ya pua. Ukilipia P ukakuta kibanda cha kuzunguka peke yake, hiyo si P, na kuirekebisha ni kukata na kuziba pua nzima.

Fremu ya vioo iangalieni kuliko zote, maana bodi iliyovunjika utaiziba kwa puti lakini kioo cha rubani hukichongi kwa mkono. Baadhi ya vioo vya mtu huyu vilipasuka vikaungwa kwa supaglu. Utavijua: kwa ndani vina ukungu mweupe kama pumzi kwenye kioo cha dirisha, ila ukifuta hautoki. Ni mvuke wa supaglu ulioganda juu ya plastiki. Mkwaruzo wa kawaida hauna neno, msasa laini wa 2000 kwenda juu, wa maji, kisha dawa ya kung'arishia, unaondoka. Wakati wa kubandika vioo tumieni gundi nyeupe ya mbao, haitoi mvuke wa namna hiyo.

Mapanga yaliyopinda msiyahukumu haraka. Helikopta iliyozimwa mapanga yake hulegea kuelekea chini, kwa hiyo mpindo wa chini ni haki yake. Panga lililopinda kwenda mbele au nyuma ndilo limeharibiwa na joto. Litumbukizeni kwenye maji ya moto yasiyochemka, lilazwe juu ya kioo kinyoofu, kisha maji baridi.

Dekali, zile picha za kulowekwa majini, kwetu huku unyevu ndio adui yake. Anaziuza zimeshikana na karatasi ya maelekezo au zimepiga manjano, na ukizitia majini zinakatika vipande vipande. Jaribuni kwanza ile usiyoihitaji. Ikikatika, pulizieni karatasi nzima vanishi angavu, iacheni ikauke siku nzima, halafu kateni kila picha karibu na ukingo wake. Manjano hupungua ukiibandika dirishani juani siku kadhaa.

Anauza pia "gundi ya modeli" kwenye vichupa vilivyojazwa upya. Gundi ya kweli huyeyusha plastiki. Kateni vipande viwili vya fremu, vipakeni, vibaneni, ngojeni mpaka kesho, kisha vunjeni. Vikiachana safi kwenye ungio, hiyo siyo. Ila jaribio hilo lifanyeni kwa plastiki mnayoijua, kwa sababu baadhi ya seti zake ni nakala za resini (maji ya kumiminwa kwenye kalibu yakaganda), na resini haishikwi na gundi hiyo hata ikiwa ya kweli, inataka supaglu. Nakala hizo mtazijua kwa vitundu vidogo vya hewa na mistari ya bodi iliyofifia. Msizipige msasa bila barakoa, vumbi lake ni baya kwa mapafu, na msasa uwe wa maji.

Na ile "seti ya vizito vya pua", vya kutia puani modeli isikalie mkia, anayoiuza kando, achaneni nayo. Chubwi za wavuvi zinafanya kazi ileile. Zikazeni kwa supaglu au epoksi, si kwa gundi nyeupe, maana risasi, yaani madini ya chubwi, ikikaa na gundi nyeupe huota unga, ukavimba, ukapasua bodi. Mkimaliza kuzishika, nawani mikono.

Sasa malipo. Mzigo wake kila mara "uko Dar," utakuja na boti ya kesho. Anataka pesa yote kwanza, ukishatuma kinakuja cha pili: ushuru bandarini Malindi, au nauli ya mtu wa boti. Ndugu zetu wa Pemba ndio wanaoumia zaidi kwa sababu hawana pa kwenda kuuona mzigo. Mwambieni jamaa aliyepo mjini akaufungue mbele ya muuzaji, ahesabu fremu, ndipo mlipe. Na kabla hamjatia namba ya siri, lisomeni jina linalotokea kwenye simu. Likiwa si la mtu mnayezungumza naye, simameni hapo hapo, hata akisema ni la mke wake.

Aliyekwisha kutuma apige simu kwa mtandao wake mara moja, kabla pesa haijatolewa, aseme anataka muamala uzuiwe. Namba ya tapeli ipelekeni 15040. Ujumbe wa muamala msiufute, mazungumzo yote yapigeni picha, na boksi liwekeni lilivyo pamoja na nailoni yake, polisi wataviomba.