Epoksi kwenye sakafu yenye nyufa: nimepaka banda la gari mara mbili, Tabora

Mwenye haraka asome hapa tu: epoksi yenyewe, ile rangi ngumu ya sakafu, ni nzuri, na pesa ya mara ya pili siijutii. Ya mara ya kwanza iliondoka na matairi.

Banda langu liko Ipuli, mita 3.5 kwa 6, zege la inchi nne. Lilimwagwa kiangazi, likamwagiliwa maji siku mbili, mafundi wakaenda zao. Mwaka haukuisha, ufa ukapita katikati kutoka ukuta hadi ukuta, na vingine vidogo kama mishipa ya jani. Fundi wa kwanza akautazama, akasema, "Mzee, hii kazi ya asubuhi moja." Akaziba ufa kwa uji wa saruji, akamwaga maji ya betri eti kufungua vitundu vya zege rangi ishike, akasuuza, mchana akapaka. Ilipendeza kwa kweli. Jirani alipopita na salamu yake ya asubuhi, mwangaluka, alivua ndala mlangoni.

Wiki ya tatu nimetoka Nzega, nimeegesha matairi yakiwa bado ya moto. Kesho yake narudi nyuma, nasikia mlio kama plasta ya kidonda inabanduliwa. Vipande viwili vya ukubwa wa sahani vimeng'ang'ania tairi. Nikageuza kimoja: upande wa chini umejaa unga mweupe, kama kiganja cha mtu aliyetoka mashineni kusaga. Rangi ilishika sana, ila ilishika vumbi. Zege lenyewe haikuligusa.

Fundi wa pili ni kijana, kazi zake nyingi ni za maghala. Alikuja na grainda yenye disiki ya almasi, na siku mbili nzima hakufungua kopo. "Baba, rangi ni jioni moja. Hizi mbili ni za vumbi." Penye madoa ya oili alisugua kwa sabuni na maji ya moto, kisha akadondoshea maji kwa kidole. Yakisimama kama umande kwenye jani la mgomba, oili bado ipo, rudia. Yakinywewa, twende. Usiku akabandika kipande cha nailoni cha nusu mita sakafuni, akazungushia soltepu pande zote. Asubuhi chini yake pakavu. Ilikuwa Oktoba, angefanya hivyo mvua zikishakolea huenda angekuta matone, na hapo hakuna kupaka, unyevu unasukuma rangi kutoka chini.

Kwenye ufa mkubwa tulibishana. Aliniambia zege la unene ule lilitakiwa kukatwa kila mita tatu hivi, kina cha robo ya unene wake, kabla halijajikata lenyewe. Langu lina mita sita bila mkato hata mmoja, na ufa umepita palepale katikati. Kwa hiyo alitaka kuukata unyooke, apake, halafu ajaze siilanti, ile gundi ya kuzibia inayovutika kama mpira. Mimi nilitaka sakafu laini isiyo na mstari. Tukagawana: nusu yake, nusu yangu. Yangu aliitanua umbo la V, akapuliza vumbi, akajaza epoksi iliyokorogwa na mchanga mkavu uliochekechwa mpaka ikawa kama ugali laini. Mvua za kwanza zilipofika nusu yangu ikapasuka tena, nyembamba kama unywele. Ya kwake ipo vilevile. Nyufa ndogo, ambazo hazichezi, zimetulia zote.

Kupaka tulianza saa kumi na moja jioni. Asubuhi zege likipata joto hupumua hewa nje, na rangi inajaa vipovu. Rangi na hadina (dawa ya kuigandisha) vikishachanganywa, mwaga sakafuni mara moja, usambaze kwa rola. Mimi niliacha nusu kilo kwenye ndoo nikapokea simu. Niliporudi ndoo haishikiki kwa moto, inafuka, kijiti kimegandia katikati. Vaa glovu, hadina ilinigusa kifundo cha mkono, nikajikuna siku nne.

Mikono miwili, yaani kupaka mara mbili, ilikula karibu kilo 11. Kilo moja inakwenda mita nne za mraba kwa mkono mmoja. Rangi, kilo 12, iliyokuja kwa basi kutoka Dar, 260,000. Fundi na grainda yake, 300,000. Ndiyo, fundi kazidi rangi, na ningemlipa tena. Tulikanyaga baada ya siku moja, gari likaingia baada ya saba.

Natoa nyota nne. Moja nimeikata kwa sababu mbili: sehemu ya mlangoni inayopigwa na jua imeanza kuwa ya njano, na sakafu ikilowa inateleza vibaya, muuzaji hakunidokeza lolote kati ya hayo. Mkono wa pili tungenyunyizia mchanga kidogo. Imebaki kama kilo moja, nimeifunika vizuri. Mei, mvua zikikatika, nitabandika nailoni stoo nione.